Siku Saba: Tuliyoyaona Usiku wa Oscar na Safari ya Mwakani

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi ya tarehe 10 Mei 2025 pale Sinza, kwenye mkutano wetu wa watu wa filamu. Waliokosa wameniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, na pale nilipopaliwa na maji nimeparuka.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na nyie vijana wa nyuma ambao hamjajibu hata moja, mambo vipi?

Naomba niseme itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja wakubwa mmoja mmoja tutafika saa mbili usiku, na hiyo feni mnaiona wenyewe inavyozunguka kwa kubembelezwa.

Nianze na swali. Nani hapa aliamka saa tisa usiku, kuamkia Jumatatu ya tarehe 3 Machi, kuangalia Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani? Nyoosheni mikono, msione haya. Watano, sita, saba. Na yule mama pale anasema aliamka kula daku akaikuta kwenye runinga. Naye tunamhesabu. Wanane.

Mimi nilikuwa kwa dada yangu, Ilala. Chungu cha pili cha Ramadhani. Kule Los Angeles ilikuwa saa kumi jioni ya Jumapili, jua linawaka, watu wanaburuta magauni kwenye zulia jekundu. Kwetu shangazi yangu anapasha maharage ya nazi. Shangazi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alikaa na mimi mpaka mwisho, na nawaambieni, ndiye mchambuzi bora wa tuzo niliyewahi kukaa naye. Adrien Brody alipotajwa mwigizaji bora wa kiume, kabla hajapanda jukwaani akatoa chingamu mdomoni akamrushia mwenzake. Shangazi akasema, "Huyu hakufunzwa." Brody akaanza kushukuru. Akashukuru. Akaendelea kushukuru. Muziki wa kumfukuza ukapigwa, akawaambia wauzime, kwamba yeye si mara yake ya kwanza. Alitumia dakika 5 na sekunde 40, akavunja rekodi ya hotuba ndefu ya mwigizaji Greer Garson iliyodumu tangu mwaka 1943. Shangazi akaniuliza, "Anatoa shukrani au anasoma risala?" Kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Wote wanamshukuru mama na Mungu. Hivi hao hawana wapishi?"

Halafu, wakati tuzo ya mwigizaji bora wa kike inataka kutajwa, Luku ikaisha. Giza. Shemeji amelala, simu haina salio, mimi nimeshika rimoti kama mtu aliyeshika mkono wa marehemu. Asubuhi yake nikasoma kwamba hata huko Marekani, waliokuwa wakiangalia kwa njia ya intaneti matangazo yaliwakatikia palepale, kabla ya mwigizaji bora wa kike na kabla ya filamu bora. Nikafarijika kidogo. Mimi na Wamarekani kadhaa tuliingia gizani pamoja.

Ndugu zangu, sikuja kuwasimulia magauni. Magauni mmeyaona Instagram. Nimekuja na neno moja, na neno lenyewe ni siku saba. Mtanisikia nikilirudia mpaka mnichoke. Siku saba. Lakini ili nifike hapo, nipitie kwanza usiku wenyewe.

Filamu bora, Anora, ilichukua tuzo ngapi? Tano, kati ya sita ilizowania. Na katika hizo tano, nne zilikwenda kwa mtu mmoja, Sean Baker. Yeye mtayarishaji, yeye mwongozaji, yeye mwandishi, yeye mhariri. Kabla yake, aliyebeba nne kwa usiku mmoja alikuwa Walt Disney mwaka 1954, tena kwa kazi nne tofauti. Baker amebeba nne kwa filamu moja.

Sasa niseme kweli. Sisi hapa Bongo tunachekana sana kwa jambo hilohilo. Kava ya filamu imejaa jina moja: kaandika yeye, kaongoza yeye, kahariri yeye, kacheza yeye, na gari la kwenye sini ni la shemeji yake. Tunasema ni ubinafsi, tunasema ni njaa. Kumbe njaa ikifanyiwa kazi vizuri inapanda jukwaani! Anora iligharimu kama dola milioni 6. Kwetu ni mali ya kujengea ghorofa, kwa Hollywood ni hela ya mboga. Na huyuhuyu Baker mwaka 2015 alitoa filamu yake ya Tangerine iliyopigwa kwa simu, iPhone 5s.

Naona mmechangamka. Ngojeni kwanza. Msitoke hapa mkisema "mwalimu kasema simu inatosha". Simu ile ilifungwa lenzi ya ziada ya kutanua picha. Na sauti ilirekodiwa kwa vifaa vya sauti, si kwa simu. Narudia: sauti haikutoka kwenye simu. Nimehariri filamu zenu kwa miaka mingi, wengine mmo humu ndani, sitawataja. Kuna sini moja nilihariri mwaka juzi. Dada amefiwa na mume, amekaa kwenye mkeka, analia machozi ya kweli kabisa, machozi ambayo hata Marekani wangeyalipia. Na nyuma yake, kwa mbali, inapita baiskeli ya aiskrimu na kale kamuziki kake. Mnakijua. Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Nilikesha siku mbili kujaribu kukafuta kale kamuziki, na kila nilipokafuta, kilio cha yule dada nacho kilikuwa kinaondoka nako. Mwishowe tukaweka wimbo wa huzuni juu yake, tukaua uigizaji wa mtoto wa watu. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa sauti alikuwa amepewa pia kazi ya kushika mwamvuli.

Baker jukwaani alisema jambo jingine. Aliuliza, tulizipendea wapi filamu? Akajibu mwenyewe: ukumbini. Akasema wakati wa korona Marekani ilipoteza karibu skrini 1,000, akawaomba wenzake watengeneze filamu za kuangaliwa ukumbini, na wazazi wapeleke watoto.

Mimi nikajiuliza, sisi tulizipendea wapi? Wazee humu watasema Avalon, watasema Empire, watasema New Chox. Waliotoka Unguja watasema Majestic pale Vuga. Wenye bahati watasema Drive-In ya Msasani, watu ndani ya magari, watoto juu ya boneti. Mnajua pale Drive-In sasa kuna nini? Ubalozi wa Marekani. Nchi ya sinema imejenga ubalozi juu ya sinema yetu. Sisemi kwa ubaya, ni kiwanja tu kilipata mteja.

Lakini mimi si wa Avalon. Mimi ni wa kibanda umiza. Manzese. Mabenchi ya mbao yenye misumari iliyochomoza, dirisha limezibwa kwa gunia, mlangoni pazia la kanga, jina la kanga limefifia. Runinga moja ya kioo kilichotuna, watu sabini. Na pembeni yumo mkalimani na maiki yake, anamfanya mwanajeshi wa Kimarekani aongee Kiswahili cha Magomeni. Mle ndani mtu akifa kwenye filamu tulikuwa tunapiga kelele mpaka mpita njia anasimama. Kibanda kile ndicho kilichonifanya mhariri. Nilikuwa namwangalia mkalimani anavyojua wapi pa kunyamaza.

Basi tuje kwa yule paka.

Filamu bora ya katuni mwaka huu ni Flow, ya Latvia. Ndiyo Oscar ya kwanza ya nchi hiyo tangu dunia iumbwe. Latvia nzima haifiki watu 2,000,000. Dar es Salaam peke yake, sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya 5,000,000. Mnaona hesabu hiyo? Filamu yenyewe haina neno hata moja la binadamu. Ni paka, mbwa, ndege, maji yanapanda, mashua. Na imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo hailipiwi. Hailipiwi! Yeyote humu ndani akiwa na bando anaipakua usiku huu kabla hajalala. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, filamu yake ndefu ya kwanza aliifanya peke yake, mpaka muziki. Hii ya pili ndiyo akaita wenzake. Ilipopata Golden Globe, tuzo nyingine ya Marekani, mapema mwaka huu, ile tuzo iliwekwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa Riga, na watu wakapanga foleni kwenda kuiona. Foleni, kama ya kuaga kiongozi.

Nafikiria mtoto wa Latvia aliyeshikwa mkono kwenye foleni ile. Kamwona mtu wa kwao. Sisi wa Afrika Mashariki jambo kama hilo tulilipata mara moja, tarehe ileile ya 2 Machi, mwaka 2014, Lupita Nyong'o alipochukua tuzo ya mwigizaji msaidizi na kuwaambia watoto wa dunia kwamba ndoto zao ni halali popote watokapo. Wakenya waliifanya sentensi ile wimbo wa taifa wa pili. Na sisi tuliidandia. Tuliichapa kwenye fulana. Lakini nawaulizeni kwa heshima: baada ya kuvaa fulana, nani alikwenda kuisoma fomu?

Ndiyo, fomu. Oscar ina fomu. Sasa tumefika kwenye siku saba.

Twendeni Brazil. Filamu bora ya kimataifa mwaka huu ni I'm Still Here, ya Walter Salles. Mama mmoja, Eunice Paiva, mumewe kachukuliwa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, hakurudi. Aliyecheza ni Fernanda Torres, akateuliwa kuwania mwigizaji bora. Na mama yake mzazi, Fernanda Montenegro, aliteuliwa kwa tuzo hiyohiyo mwaka 1999, kwa filamu ya mwongozaji huyohuyo, akakosa. Kwa hiyo Brazil ilikuwa na deni la miaka 26. Oscar ikaangukia katikati ya kanivali. Filamu ilipotajwa, watu waliokuwa barabarani wakicheza wakasimamisha ngoma, wakalia, wakaanza upya. Ndiyo Oscar ya kwanza ya Brazil. Nchi ya watu zaidi ya 200,000,000, ya kwanza!

Lakini kabla ya machozi hayo kulikuwa na jambo dogo ambalo hakuna kamera iliyolionesha. Filamu ile ilitoka Brazil nzima mwezi Novemba 2024. Ingesubiri Novemba, ingekuwa nje ya mashindano. Kwa hiyo Septemba waliiweka kwanza kwenye ukumbi mjini Salvador, kwa muda mfupi, kwa tiketi za kulipia. Unajua kwa siku ngapi? Niambieni.

Ahsanteni. Siku saba.

Sharti ndilo hili, na naomba wenye kalamu waandike. Filamu ya kuwania Oscar ya kimataifa lazima ioneshwe kwenye ukumbi wa biashara, watu walipe kiingilio, siku saba mfululizo. Kwa mashindano yajayo, siku hizo lazima ziwe kati ya tarehe 1 Oktoba 2024 na tarehe 30 Septemba 2025. Zaidi ya nusu ya maongezi yawe kwa lugha isiyo Kiingereza. Filamu isiwe imetangulia kwenye runinga wala kwenye intaneti. Na haitumwi na wewe binafsi: inatumwa na nchi, kupitia kamati ambayo Academy, yaani wenyewe wanaotoa Oscar, imeikubali, na angalau nusu ya kamati hiyo wawe watu wa filamu wenyewe. Nchi moja, filamu moja. Mwaka huu zilikubaliwa filamu za nchi 85. Wakazichuja zikabaki 15, kisha 5.

Kuonesha kwenye tamasha si siku saba. Kuonesha kwa mwaliko, watu wamekuja na suti na soda za bure, si siku saba. Na ukiitupia YouTube kwanza, ndugu yangu, umejifungia mlango mwenyewe na ufunguo umeumeza.

Nitawasimulia. Mtayarishaji mmoja, rafiki yangu, jina lake libaki kwangu, alinipigia simu mwezi wa kumi na moja mwaka fulani. Sauti imejaa furaha. "Mhariri, ile filamu tunaipeleka Oscar." Nikamwambia hongera, ilioneshwa wapi? Akasema, "Iko kwenye runinga toka Julai, watu wanaipenda vibaya mno." Nikanyamaza. Nikamwambia, kaka, tarehe imepita, runinga imetangulia, na ukumbi haujaiona. Akaniambia mimi nina wivu. Miezi miwili hatukusalimiana. Filamu ile ilikuwa nzuri, na nasema hivyo si kwa sababu niliihariri. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikosa wiki moja ya ukumbi mdogo na mtu wa kusoma masharti.

Kuna wenzetu walioteleza mahali pengine. Mwaka 2019 Nigeria ilituma filamu kwa mara ya kwanza katika historia yake, Lionheart ya Genevieve Nnaji. Ikaenguliwa Novemba. Kosa? Kiingereza. Maongezi ya Kiigbo yalikuwa kama dakika 11 tu katika filamu ya saa moja na nusu. Nnaji alilalamika, na alikuwa na hoja: Kiingereza ndicho kinachowaunganisha Wanigeria, na hawakuchagua nani awatawale. Ni kweli. Lakini sharti lilikuwepo.

Sisi je? Mungu alitupa lugha ambayo mtu wa Kigoma na mtu wa Lamu wanagombania bei ya samaki bila mkalimani. Nigeria wangetoa nini kuipata? Na bado nikipokea skripti zenu, ukurasa wa kwanza mhusika mkuu anamwambia mchumba wake, "Baby, I can't do this anymore." Wa Tandale huyo! Dada wa Tandale akimwacha mtu hasemi hivyo. Mnajua anavyosema. Anasema, "Chukua vyako." Basi. Maneno mawili, na kamera ibaki kwenye uso wa mwanaume.

Majirani zetu Wakenya wanajua thamani ya wiki. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilizuiliwa kuoneshwa kwao. Habari ya maudhui yake leo si mjadala wetu, kila mtu ana msimamo wake. Nazungumzia hesabu. Mwongozaji alikwenda mahakamani akiomba marufuku iondolewe ili filamu iweze kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Septemba jaji akaondoa marufuku kwa muda. Kwa siku ngapi?

Siku saba. Watu wa Nairobi wakajaza ukumbi. Na pamoja na yote hayo, kamati ya Kenya ikachagua filamu nyingine, Supa Modo. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Unaweza kuzipata siku saba kwa amri ya mahakama na bado usichaguliwe. Lakini bila hizo hata kwenye meza ya kamati hufiki.

Na sisi Tanzania? Tumetuma mara mbili. Mara mbili tu. Maangamizi mwaka 2001, na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022, ile iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Katikati hapo, miaka 21 ya ukimya. Mtoto aliyezaliwa tulipotuma ya kwanza alikuwa anapiga kura tulipotuma ya pili. Kenya walianza mwaka 2012 na wametupita kwa mbali. Mwaka jana walituma Nawi, ya msichana wa Turkana anayekataa kuozwa. Hakuna yetu wala yao iliyofika tano bora. Afrika nzima, tangu kipengele hicho kianze mwaka 1956, filamu zilizotumwa na nchi zake na kushinda ni tatu: ya Algeria, ya Ivory Coast na ya Afrika Kusini. Ya mwisho ilikuwa Tsotsi, mwaka 2006.

Sasa mwakani.

Mwakani Oscar ni tarehe 15 Machi 2026. Kwetu itakuwa saa nane usiku, na kwa kalenda itatukuta tena kwenye Ramadhani, kumi la mwisho. Shangazi ameshanipa taarifa rasmi kwamba kumi la mwisho yeye hakai na sinema. Nitaangalia peke yangu, na Luku nitanunua mapema.

Nitatabiri? Nitatabiri, mwakani mnicheke. Mwezi uliopita imetoka Sinners ya Ryan Coogler, Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Mississippi ya mwaka 1932. Itakuwepo. Wataniambia filamu ya Aprili husahaulika ifikapo baridi. Hii haitasahaulika. Lakini mimi kilichonigusa zaidi ni mkataba wa Coogler: baada ya miaka 25 filamu inarudi kuwa mali yake. Tuliokuwepo enzi za kanda na DVD tunajua tulivyofanya. Unapeleka masta Kariakoo, unahesabiwa noti mezani, unatoka na bahasha. Filamu imekwenda. Leo inaoneshwa kwenye basi la mkoani, aliyeiandika amekaa siti ya nyuma, amelipa nauli.

Jumanne ijayo tamasha la filamu la Cannes, kule Ufaransa, linafunguliwa, na Nigeria kwa mara ya kwanza ina filamu kwenye uteuzi rasmi, My Father's Shadow ya Akinola Davies. Iangalieni hiyo.

Kuna mawili mapya. La kwanza, mwezi uliopita Academy imetangaza kwamba mpiga kura hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele mpaka awe ameangalia filamu zote zilizoteuliwa humo. Mnacheka. Na mimi nilicheka. Ina maana miaka yote hii! Lakini kwa nchi ndogo hii ni neema, maana hata asiyejua Tanzania iko upande gani wa ramani, tukifika tano bora, atakaa chini atuangalie.

La pili, mwakani kwa mara ya kwanza kutakuwa na tuzo ya anayechagua waigizaji. Wenye tabia ya kumpa nafasi mtu mwenye wafuasi wengi, hili liwaingie. Nawi ilibebwa na msichana wa shule wa hukohuko Turkana, na kisa chenyewe kilitoka kwenye shindano la uandishi.

Na kwa mafundi wetu wa nguo, kabla sijasahau, maana nyinyi huwa mnasahauliwa: Paul Tazewell mwaka huu amekuwa mwanaume mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya mavazi, kwa filamu ya Wicked. Fundi wangu wa Mtaa wa Kongo nilipomwonesha picha hakuniuliza ameshinda nini. Aliuliza, "Ule mkunjo wa kiunoni kaupigaje?" Huyo ndiye fundi.

Tumalizie na kazi. Leo ni tarehe 10 Mei. Ili siku saba zitimie kabla ya tarehe 30 Septemba, filamu lazima iingie ukumbini si baada ya tarehe 24 Septemba, Jumatano. Zimebaki siku 137. Nimeongea na mwenye ukumbi mmoja, mdogo, viti 90. Amekubali kutupa wiki moja ya Septemba, maonesho mawili kwa siku, tugawane kiingilio. Amekataa deni, na mimi ningekataa. Kwa hiyo tunahitaji tiketi zilizochapwa, kitabu cha mapato kinachosomeka, na barua kwa wahusika kuulizia kamati imekaa au haijakaa. Barua nimeandika rasimu, iko hapa, wanasheria mtanisahihishia Kiswahili changu.

Kuna karatasi inapita kuanzia kwa mama wa daku pale mbele. Andikeni jina la filamu, imefika hatua gani, na imeshaoneshwa wapi. Hiyo ya tatu semeni kweli. Kama mmemrushia mjomba wenu wa Muscat kwa WhatsApp, andikeni na mjomba.

Haya, maswali. Kijana wa shati la kijani, nimekuona toka mwanzo unakuna kichwa. Lakini kwanza, nani ana kalamu? Hiyo naona imekata wino.